Anayepishwa Mlangoni

Makambako
12 Februari 1951

Mdogo wangu Tabea,

Salamu katika jina la Bwana. Barua zangu tatu hujazijibu, nami sikulaumu. Juma lililopita jirani yako Laurenti alipita hapa na lori la mbao, nikamwuliza habari zako. Alivua kofia, akaikunja mara mbili, ndipo akasema, "Mwalimu, mama Ema yupo. Anapumua. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya."

Ameniambia kwamba tangu mlipomzika Ema mwezi wa Agosti hujashika jembe, hujakanyaga kanisani, na moshi hauonekani juu ya paa lako mpaka mkewe Margareth aje kukuwashia. Nimelifikiri hilo la moshi kuliko mengine yote. Kwenye baridi ya Kifanya, mtu asiyewasha moto ameamua jambo. Binti yako wa pekee amekwenda. Sitaki na wewe umfuate kwa miguu yako mwenyewe.

Sitakuhubiria. Nimefundisha shule miaka ishirini na sita na ninajua maneno yanapokoma kufanya kazi. Wala sitakuja. Tangu waliponichukua kubeba mizigo ya vita mwaka wa 1917, nimefika kwetu mara nne tu, na zote zilikuwa za mazishi. Miguu yangu imeshajua hivyo. Nikielekea huko inaniuliza ni nani tena.

Kwa hiyo nakuletea ng'ombe. Jina lake Majivu, kwa rangi yake. Ana doa jeupe kwenye paji, umbo la punje ya harage. Ni mzee, hazai tena, hatakupa maziwa wala ndama. Hapa kwangu ananijazia nafasi tu. Nakuwekea kwa desturi yetu ya kuwekeana ng'ombe, ile ya baba: ng'ombe ni wangu, malisho ni yako. Atalala chini ya paa lako, kwa sababu ya baridi na chui. Kila baada ya majuma mawili utaniandikia hali yake. Akifa, utaniletea ngozi, nijue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri.

Mchungaji wangu Sila anaondoka naye kesho. Watafika kwa siku tano.

Kaka yako,
Gideoni


Kifanya
3 Machi 1951

Kaka,

Ng'ombe amefika. Ana miguu minne. Anakula. Sikukuomba. Sina paa la kumtosha, kwa hiyo analala mvuani.

Tabea


Makambako
10 Machi 1951

Mdogo wangu,

Umeniandikia sentensi tano. Nimezisoma zote kwa furaha, hata ile ya nne.

Lakini la paa si ombi. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu hulala chini ya paa. Baba alimpeleka binamu yake barazani kwa ajili hiyo, nawe ulikuwepo, ulikuwa mgongoni kwa mama. Tafuta paa. Ninajua unalo.

Kaka yako,
Gideoni


Kifanya
22 Aprili 1951

Kaka Gideoni,

Kamwene. Nimechelewa, lakini nina mengi.

Paa lililobaki ni moja na unalijua, ingawa hukulitaja. Ni kibanda cha Ema. Nilikifunga kwa kamba siku ya mazishi na sikukigusa tena. Siku tatu nilikaa kizingitini kwangu nikimwangalia ng'ombe wako akitoka mvuke mgongoni kwenye mvua. Nilikuchukia wewe, nikamchukia na yeye. Siku ya nne nikakata kamba. Ndani kulikuwa na harufu ileile. Nilitoa mkeka wake, masufuria yake, lile sanduku la bati la nguo, nikafua, nikapanga kwangu. Kazi hiyo ilinichukua kutwa, na nilipomaliza nikagundua nina njaa. Sijui kama unaelewa ninachosema. Njaa, kama mtu.

Sasa Majivu analala humo. Ila ana tabia ambayo hukuniandikia. Kila jioni akirudi, anafika kwenye lile jiwe bapa mbele ya mlango, anasimama. Haingii. Anageuza shingo, anasogeza ubavu pembeni, kama afanyavyo mtu kwenye njia nyembamba akikutana na mwenzake. Anakaa hivyo kwa muda wa mtu kuhesabu kumi. Ndipo anaingia. Laurenti alipomwona mara ya kwanza alicheka: "Ng'ombe wa mwalimu huyu, hawezi kuingia bila hodi." Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameona masikio. Masikio ya Majivu hufuata kitu kutoka uani, polepole, mpaka ndani.

Jambo jingine nitalisema mara moja tu. Mwezi wa Machi nilikuwa na desturi ya kwenda asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, kwenye kile kidimbwi ambapo mto unatulia. Sikuwa nakwenda kuteka maji. Asubuhi moja niligeuka nikamkuta Majivu nyuma yangu, kamba imekatika, inaburuta. Akanipita. Akasimama kati yangu na maji, ubavu wake wote, akaanza kucheua. Nilimsukuma, hakusogea. Nikamsukuma tena. Mwishoni nikaegemeza paji langu juu yake. Palikuwa na joto. Nililia hapo mpaka jua likatoka, naye muda wote akicheua tu, kama mwanamke anayesubiri mwenzake amalize shughuli yake warudi nyumbani.

Sijarudi kidimbwini. Usinijibu juu ya hili.

Dada yako,
Tabea


Makambako
6 Mei 1951

Mdogo wangu Tabea,

Kuna jambo uliloniambia nisilijibu, na silijibu.

La mlangoni ninaweza kukueleza, na halina ajabu. Majivu alizaliwa na kukua na mwenzake, ndugu yake wa mama mmoja, rangi moja. Yule mwingine alikuwa mbabe. Majivu alizoea kusimama nje ya zizi ampishe apite kwanza. Ndugu huyo alikufa mwaka juzi, mwezi mmoja na marehemu Idda, mke wangu, lakini Majivu hakuiacha desturi. Idda alikuwa akicheka sana kuwaona wakipishana. Kwa hiyo unapomwona amesimama, ujue anampisha ndugu yake.

Mpe chumvi kidogo Jumamosi. Mkune chini ya shingo, upande wa kulia, sikio la kushoto lina kovu, usiliguse.

Mimi ni mzima. Makambako ni vumbi, malori na manamba wanaopelekwa kwenye mkonge. Wananiomba niwaandikie barua za kwao, nami naandika. Jioni ni kimya. Nafasi ya Majivu zizini nimeijaza kuni.

Kaka yako,
Gideoni


Kifanya
12 Juni 1951

Kaka yangu,

Kamwene. Maelezo yako nimeyasoma, nikamsomea na Margareth. Ni mazuri. Lakini ndugu yake si angekuwa na urefu kama wake? Majivu haangalii usawa wa ng'ombe. Anainua macho. Anaangalia usawa wa uso wa mtu.

Sikuandiki haya ili kukutisha. Mimi mwenyewe siogopi, na hilo ndilo linalonishangaza. Nasimama kando, namngoja amalize, nafunga mlango.

Habari kubwa ni hii: kesho kutwa nakwenda Njombe na kina mama wa kanisa, kwenye mkutano, tutalala siku tatu. Nimetoa viatu sandukuni, panya wamekula ulimi wa kimoja. Majivu nitamwacha kwa Laurenti. Amesema nikirudi nitamkuta anafanya ishara ya msalaba. Nimemwambia akimfanya Mkatoliki atamlisha mwenyewe mpaka kiyama, mimi nitamwandikia kaka yangu kwamba ng'ombe wake amepoteza imani. Margareth alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Nilijisikia nikicheka, kaka, nikageuka kutazama ni nani.

Tabea


Makambako
2 Julai 1951

Tabea,

Natumaini ulirudi salama kutoka Njombe. Niandikie mara upatapo barua hii. Majivu anaendeleaje? Niambie kwa urefu. Nani anamlaza, na umemwona lini kwa macho yako?

Gideoni


Kifanya
11 Julai 1951

Kaka yangu mpendwa,

Kamwene. Barua yako fupi, wewe ambaye hunipa ukurasa mzima hata kuhusu chumvi.

Majivu hajambo. Namlaza mwenyewe, nimemwona leo asubuhi. Kumekuwa na umande ulioganda siku nne mfululizo, majani yanavunjika ukiyakanyaga, lakini yeye hajali. Amekuwa mwepesi wa miguu kama aliyerudishiwa ujana. Kwenye jiwe anasimama vilevile, anageuza shingo vilevile. Laurenti huja kila alfajiri kumtazama. Sijaona mwanamume apendaye ng'ombe wa mwenziwe kiasi hiki. Mimi huamka mapema, nawasha moto, namwekea chai.

Nimesomba mbolea kwenye shamba lote la juu. Mwaka huu nitapanda.

Usiwe na wasiwasi nasi.

Tabea


Makambako
18 Julai 1951

Kwa Laurenti na Margareth,

Salamu. Nawaandikia ninyi kwa sababu sina mwingine aliye karibu naye. Msimsomee Tabea barua hii.

Tarehe 27 Juni lori lilisimama mbele ya nyumba yangu. Taniboi akatupa mzigo chini, akasema, "Mzee, mzigo wako, umetoka kwa dada yako Kifanya," wakaondoka. Nilipofungua ilikuwa ngozi. Ni ya Majivu. Doa la paji lipo, kovu la sikio la kushoto lipo. Kovu hilo nililishona kwa mkono wangu. Mnaijua desturi: ngozi huletwa na aliyewekewa ng'ombe, hakuna mwingine mwenye haki ya kuituma. Kwa hiyo Tabea anajua kuwa amekufa. Ameituma ngozi kama inavyopasa. Na kwa mkono uleule, majuma mawili baadaye, ameniandikia kwamba Majivu ni mzima, ana miguu myepesi, na kila jioni anasimama mlangoni.

Niambieni. Huyo anayesimama mlangoni ni nani?

Nimeitandaza ngozi ndani, kwenye ukuta mkavu mbali na mlango. Kila asubuhi naikuta na umande. Nimekuwa mtu wa vitabu maisha yangu yote na sijui niandike nini zaidi juu ya hilo.

Ninaona kosa ni langu. Nilimpeleka mnyama mzee kwa mtu aliyefiwa, na sasa amefiwa mara ya pili, na safari hii akili imekataa kupokea. Naogopa siku atakapotambua. Mnajua kidimbwi kiko wapi. Mimi najua pia. Nimemwandikia bwana tabibu, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake, nimetia sahihi karatasi. Dresa, msaidizi wake, atakuja na gari tarehe 6 Agosti kumchukua, apelekwe kwenye hospitali ya wenye maradhi ya akili, mbali, ambako atafungiwa asijidhuru. Mpaka siku hiyo, nawasihi, msimpoteze machoni.

Gideoni


Kifanya
26 Julai 1951

Kwa Mzee Gideoni,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mzee. Ni mimi Margareth ninayeandika. Laurenti kaketi hapa kando, ameshika kichwa, ananiambia niandike upesi na nisimfiche.

Mzee, simamisha gari. Tabea si mgonjwa. Wagonjwa ni sisi.

Majivu alifia kwetu. Usiku wa pili Tabea akiwa Njombe alivunja ua, akala njegere za kijani zenye umande, akavimba tumbo. Asubuhi tulimkuta amelala. Laurenti alilia, nilikuwa sijamwona akilia tangu kifo cha mama yake. Hakuililia nyama, alimlilia mama Ema, maana alikuwa ndiyo kwanza amevaa viatu. Nyama hatukula, tuliizika mpakani kwenye miti ya miwati. Kisha Laurenti akasema, "Atarudi kesho, atakuta kibanda kitupu, atakifunga tena kwa kamba. Mimi sitakiona kibanda kile kikifungwa mara ya pili."

Tunaye ng'ombe wetu wa rangi ileile, ni mdogo kidogo tu. Hana doa. Basi Laurenti akachukua chokaa iliyobaki tulipopaka kanisa, Mungu atusamehe, akamchora doa kwa kidole. Umande unalifuta kila siku, kwa hiyo kila alfajiri anakwenda na kopo kulichora upya kabla Tabea hajatoka. Leo ni zaidi ya siku thelathini na tano. Amepata kikohozi.

Lakini wewe ndiye mwenye ng'ombe, na Laurenti hawezi kumdanganya mwenye ng'ombe. Alikutumia ngozi kama desturi inavyotaka. Taniboi alipewa maneno: "Amekufa mikononi mwangu mimi Laurenti, dada yako hana habari, nitakuja kueleza." Kumbe ameyaacha njiani, amefika na ngozi tu.

Hayo ndiyo tuliyoyafanya. Sasa kuna tusilolifanya, na hili Laurenti hataki niandike lakini naandika. Ng'ombe wetu huyu, nyumbani kwetu, huingia zizini mbio, anawakanyaga wenzake. Hakuwahi kuchungwa pamoja na Majivu. Jioni ya kwanza tulipompeleka kwa Tabea alifika kwenye lile jiwe akasimama, akageuza shingo, akapisha. Hakuna aliyemfundisha. Na alfajiri, majani yakiwa meupe kwa baridi, Laurenti huona alama za kwato zake tu zikiingia kibandani, na kando yake majani yaliyolala, kama yamekanyagwa na mtu mwepesi sana asiye na viatu.

Tabea hajui lolote la ng'ombe. Ukimwambia, mwambie taratibu. Lakini simamisha gari.

Margareth, na Laurenti ametia alama yake


Makambako
31 Julai 1951

Mdogo wangu Tabea,

Barua hii naipeleka na lori la leo. Nyingine kama hii nimeipeleka hospitali, na sijui ipi itatangulia kufika. Ikiwa gari litatangulia, usimkatalie dresa kwa hasira. Mwonyeshe karatasi hii: mimi Gideoni naifuta sahihi yangu.

Nimekukosea. Laurenti na Margareth wamenieleza, nami ni wajibu wangu kukuambia bila kupinda: Majivu alikufa tarehe 16 Juni. Ngozi yake ninayo. Ng'ombe unayemlaza ni wa Laurenti. Walifanya hivyo kwa huruma. Mimi niliyekuwa mbali, nikiwa na karatasi na kalamu, nilifanya kinyume chake: nilikuandikia ufungiwe. Niliona ni rahisi kuamini kwamba umepotewa na akili kuliko kuamini kwamba kuna mtu aliyekupenda kwa namna nisiyoielewa.

Nikiri na lingine. Nilikuandikia kwamba Majivu ananijazia nafasi. Si kweli. Tangu Idda alipoondoka, yule ndiye niliyekuwa nikisema naye jioni. Nilikupa kwa sababu sikuwa na kitu kingine kilichokuwa hai.

Kaa karibu na Margareth. Usiende popote peke yako asubuhi. Nijibu hata kwa sentensi moja.

Gideoni


Kifanya
9 Agosti 1951

Kaka yangu Gideoni,

Kamwene. Gari lilitangulia. Lilifika tarehe 6 saa kumi jioni, barua yako ikafika kesho yake mchana. Tulia, naandika nikiwa mezani kwangu, moto unawaka.

Dresa ni kijana wa Bulongwa, anaitwa Anyisile, mpole. Alinipa karatasi niisome. Niliutambua mwandiko, kaka. Ni mkono ulioniongoza vidole nilipoandika herufi ya kwanza ya jina langu. Sitakuficha kwamba niliketi chini. Akanikalisha vizuri, akaniuliza kama nimekula, halafu akasema, "Mama, kaka yako ameandika kwamba unafuga ng'ombe aliyekufa. Naomba nimwone."

Wakati huohuo ng'ombe alikuwa anarudi, Laurenti nyuma yake na fimbo, Margareth nyuma ya Laurenti, amekwisha kuliona gari na mikono iko kichwani. Nikaona nimebanwa. Nikisema huyu ni Majivu, mimi ni mwenda wazimu, nipande gari. Nikisema siye, nimemvua nguo mbele ya mgeni mtu aliyeamka siku hamsini kwenye baridi kwa ajili yangu, na tena ng'ombe atachukuliwa. Nilimtazama Laurenti. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, niseme ni Majivu.

Nikamwambia dresa, "Huyu ni wa jirani yangu huyu hapa. Wangu alikufa mwezi wa Juni nilipokuwa Njombe. Nilijua siku ya pili."

Laurenti akavua kofia. "Mama Ema, ulijua?"

"Majivu hakuwahi kunichafua kitambaa kwa chokaa."

Kwa maana bado naegemeza paji langu kwake kila asubuhi, na kila asubuhi nilirudi ndani nikiwa na doa la harage kwenye kitambaa, hapa juu ya macho, kama nami nimechorwa. Nilimwambia Laurenti kwamba siku nyingine doa lilikuwa kama kiazi, na Jumapili moja lilikuwa juu ya jicho. Margareth alianza kucheka huku analia. Laurenti akauliza kwa nini nimemwacha ahangaike muda wote huo, na kikohozi chote hicho.

Nilimjibu, nawe nakujibu hapohapo. Siku ile ya pili nilipojua, nilirudi kitandani. Nilisema basi. Kesho yake alfajiri nikasikia kopo likigonga ukuta na mtu anakohoa taratibu, amejiziba mdomo nisisikie. Nikalala nikisikiliza. Kuna mtu ameacha blanketi lake kwenye baridi hii kuja kumchora ng'ombe doa ili mimi nisilie. Nikaona haya kulala. Nikaamka kuwasha moto, ili akimaliza akute chai. Kesho yake hivyohivyo. Ningemwambia ninajua, asingekuja, na mimi nisingeamka. Ndiyo maana nilikuandikia Majivu hajambo. Uongo ulikuwa wa watatu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, wewe peke yako ndiye hukuambiwa.

Dresa aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Alitaka kuniaga. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa kibanda cha Ema, njiani kabisa, na ng'ombe akafika kwenye jiwe, akasimama, akageuza shingo. Hakuna aliyemwambia Anyisile neno lolote. Alisogea mwenyewe. Akarudi hatua moja nyuma, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeamkiwa na kuitika. Ng'ombe akaingia. Ndipo dresa akashtuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani amepita?" akauliza.

Laurenti alifanya ishara yake ya msalaba, nami kwa mara ya kwanza sikumtania. Kabla ya kuondoka dresa alitoa tena ile karatasi, akaandika chini ya sahihi yako: Mgonjwa hakuonekana. Akanywa chai, akaenda.

Laurenti ameniwekea ng'ombe wake kwa desturi ileile: ng'ombe ni wake, malisho ni yangu. Chokaa imekoma. Chai haijakoma.

Sasa wewe. Sila aliniambia tangu Februari, nami sikukuandikia, kwamba siku walipoondoka ulimsindikiza Majivu mpaka njia panda, ukasimama katikati ya barabara malori yakikupigia honi, mpaka hawakukuona tena. Ninajua ulichonipa. Na ninajua, maana Margareth amenisomea barua yako kwao, ni nani sasa anayekaa kimya jioni na ngozi yenye umande ukutani. Kule kwako moshi unaonekana juu ya paa, kaka? Nani anakutazamia?

Sikusamehe kwa barua. Njoo nikusamehe hapa. Umekuja kwetu mara nne kuzika. Njoo mara moja pasipo msiba, miguu yako ijifunze njia nyingine. Njoo na ngozi. Tutaitandika kibandani, pale alipokuwa akilala, na nadhani itakauka.

Ukifika itakuwa jioni. Usiingie kwa haraka. Simama kwenye jiwe, sogeza bega kidogo, pisha. Hesabu kumi. Kisha uingie, utakuta moto.

Dada yako,
Tabea